Gitaa Lililokauka Sauti

Barua ya kumfukuza kazi fundi mitambo ilikuwa imeshachapwa. Ilikaa juu ya meza ya meneja wa ukumbi, pembe moja imebanwa na kikombe cha chai, imekamilika kwa kila kitu isipokuwa sahihi. Sajini aliisoma mara mbili bila kuigusa, mikono nyuma. Alikuwa mwanamke aliyestaafu upolisi mwaka wa tatu sasa na alikuwa akipeleleza kwa kujitegemea, lakini cheo kilikuwa kimemganda. Hata muuza maziwa wa mtaani kwao alimwita Sajini.

"Saa kumi jioni," alisema meneja, ambaye ndiye aliyemwita. "Ikifika saa kumi sina jibu jingine, naitia sahihi. Kesho alasiri bendi inapiga tena hapa hapa, tiketi zimekwisha. Na baba wa yule binti ameapa kwamba yule bwana akigusa mitambo, mwanawe hapandi jukwaani."

"Na wewe unaamini ni yeye?"

"Mimi naamini nilichokiona. Binti alipiga, sauti haikutoka."

"Hiyo ni kuona kweli," Sajini alisema, akavuta kiti. "Nisimulie kama nilikuwa sipo. Maana nilikuwa sipo."

Kisa chenyewe kilikuwa kifupi. Jumamosi iliyopita bendi ya watu wanne ilikuwa ikipiga ukumbini. Kwenye wimbo wa tatu wenzake wote walinyamaza ili binti apige gitaa peke yake, watu mia tatu wakimtazama. Ikatoka sauti ya gitaa linalopigwa nyumba ya jirani, madirisha yamefungwa. Watu walivumilia kidogo, kisha wakazomea. Binti alishuka akilia. Hapo baba yake, seremala mwenye jina lake mjini, akasimama katikati ya viti, akamnyooshea kidole fundi mitambo na kupaza sauti kwamba huyu mtu amemminya mwanawe sauti kwa makusudi.

"Kwa nini afanye hivyo?"

"Mwezi uliopita seremala alitutengenezea maboksi ya spika. Fundi akayakataa. Alisema yanameza sauti. Walirushiana maneno hapo nje mpaka nikatoka kuamua."

Sajini aliandika kwenye daftari lake: maboksi, yanameza sauti. Kisha akaomba kuonyeshwa huyo mtuhumiwa.

Fundi mitambo waliyemwita Masikio alikuwa kwenye kibanda chake nyuma ya ukumbi, amekaa mbele ya meza ya sauti yenye vitufe vingi kuliko vifungo vya mashati ya makarani wote wa mji. Mwembamba, shati limepigwa pasi, kalamu mbili mfukoni. Miaka kumi na tisa alikuwa kwenye kibanda kile. Hakusimama walipoingia, wala hakuwa na sura ya mtu anayetaka kuhurumiwa.

"Ulimpunguzia sauti yule binti?" Sajini aliuliza kabla hata ya salamu kukauka.

"Nilimpunguzia."

Meneja alikohoa. Sajini hakupepesa jicho.

"Wakati gani?"

"Wimbo wa tatu. Baada ya kumpandisha."

"Anza mwanzo, kaka yangu. Mimi si mtu wa haraka."

Masikio akaanza mwanzo. Alhamisi bendi ilikuja kufanya mazoezi. Gitaa la binti liliingia njia namba sita, sauti ikatoka safi, naye akatia alama ya kalamu kwenye plasta iliyobandikwa chini ya kitufe ili asisahau kipimo. Alama ilikuwa bado ipo. Sajini aliinama akaiona. Jumamosi binti alichelewa, wakapima bendi nzima kwa mkupuo, na gitaa lilikuwa limefunikwa na ngoma. Masikio akadhani binti anajitunza. Alipobaki peke yake kwenye wimbo wa tatu, ndipo ikajulikana hakuna kitu.

"Nikapandisha. Nikapandisha tena. Sauti ya gitaa haiji, inakuja mivumo tu, halafu spika zikaanza kupiga mluzi. Ule mluzi ukiuacha utapasua ngoma za masikio ya watu. Nikashusha. Wakati nashusha, mzee ndio akageuka akaniona mkono uko kwenye kitufe."

"Na hujamwambia mtu yeyote hayo?"

"Nimwambie nani? Walikuwa wanazomea."

Sajini alifunga daftari. "Sikiliza. Leo tutalipima hilo gitaa hapa. Wewe hutagusa kitu. Utakaa kwenye kile kiti, mikono magotini, niione. Utaniambia cha kufanya na nitafanya mimi."

Masikio alimtazama toka viatu hadi kichwani. "Unajua mitambo?"

"Sijui hata chembe. Ndiyo uzuri wake. Itabidi ueleze kwa maneno ya kueleweka, na mtu akieleza kwa maneno ya kueleweka hawezi kunizungusha."

Kwa mara ya kwanza asubuhi ile, Masikio alicheka.

Binti alifika saa nne, gitaa mgongoni ndani ya mfuko wake. Alikuwa anakaribia miaka thelathini, mwalimu wa hesabu siku za kazi na mpiga gitaa siku nyingine zote. Vidole vitatu vya mkono wa kushoto vilikuwa na plasta. Alimsalimia Sajini shikamoo, akamsalimia meneja, kisha akamtazama Masikio na kushindwa kuamua. Mwishowe akatikisa kichwa kidogo tu.

"Baba hajui nimekuja na gitaa," alisema. "Ananiambia nisilete tena kitu changu kwenye mikono ya huyu."

"Mikono ya huyu iko magotini, unaiona. Kaa hapa, mwanangu. Lipige kwanza hivi hivi, bila waya."

Binti alipiga. Ukumbi ulikuwa mtupu na sauti ilizunguka kwenye viti, nene, tamu, ya mbao iliyokauka vizuri. Hata meneja aliinua nyusi.

"Sasa na waya," Sajini alisema.

Alichomeka mwenyewe, pini ubavuni mwa gitaa, ncha ya pili kwenye njia namba sita. Masikio akamwelekeza kwa kidevu: kitufe kile, mpaka kwenye alama. Binti alipiga vilevile. Kwenye spika kikatoka kijisauti cha kujificha, kinasikika ukitega sikio.

"Yaleyale ya Jumamosi," binti alisema, na macho yakaanza kumlengalenga.

"Usilie bado, hatujafika popote. Fundi, nifanye nini?"

"Kuna gitaa la ukumbi kabatini, lile lenye mikwaruzo. Tumia waya huohuo, njia hiyohiyo, usiguse kitufe."

Sajini alilitoa, akalipangusa vumbi kwa mkono wa blauzi, akachomeka, akapitisha kidole kwenye nyuzi zote sita kwa mara moja. Spika zilinguruma. Meneja aliruka nusu hatua nyuma. Sajini aliichomoa pini, akaandika mistari minne kwenye daftari na kuisoma kwa sauti: "Waya mzima. Njia nzima. Meza nzima. Spika nzima. Hivyo vyote ni vya huyu bwana, na vyote vinafanya kazi."

"Kwa hiyo ni gitaa," meneja alisema.

"Ni gitaa. Na mkononi linalia vizuri. Kwa hiyo si mbao. Ni kitu kilicho kati ya mbao na waya. Fundi, kati ya mbao na waya kuna nini?"

Masikio alikuwa ameanza kujisahau. Mkono mmoja ulikuwa umeondoka gotini ukichora hewani. Sajini aliutazama ukarudi. "Kuna vitu viwili," fundi alisema. "Chini ya ule mfupa mweupe unaobeba nyuzi kuna utepe mwembamba. Nyuzi zikitikisika, mfupa unaukandamiza utepe, utepe unageuza mtikisiko kuwa umeme. Umeme wenyewe ni mdogo sana, ndiyo maana ubavuni kuna kimashine cha kuukuza. Kimashine kinakula betri."

"Betri," meneja alirudia, kama mtu aliyeona mlango.

Sajini alifungua kifuniko kidogo ubavuni, akatoa betri ya mraba. "Umeibadilisha lini, mwanangu?"

"Mwezi jana..." Binti akasita. Uso ukambadilika. "Alhamisi usiku nilipiga nyumbani na kispika changu. Ilikuwa sawa kabisa. Halafu nikalala bila kuchomoa pini. Pini ikibaki ndani, betri inaendelea kuliwa mpaka asubuhi. Ni mimi! Ni mimi mwenyewe!"

Meneja alikuwa ameshafika mlangoni. Alivuka barabara hadi duka la mkabala na kurudi na betri mpya, akihema, akitabasamu, mtu anayeona Jumapili yake imepona. Sajini aliiweka. Binti akapiga.

Ile mivumo ya nyuma ilipungua. Sauti ya gitaa ilibaki kulekule kwa jirani.

Tabasamu la meneja liliondoka polepole. Sajini alipiga mstari juu ya neno betri, bila kuonyesha kusikitika. Miaka ishirini na sita kazini ilikuwa imemfundisha kwamba jibu linalomfurahisha kila mtu mapema linahitaji kuangaliwa mara mbili, na hili alikuwa ameliangalia.

"Ilikuwa imechoka, kweli," alisema. "Lakini haikuwa imekufa. Futa machozi. Lete gitaa hapa mwangani."

Alivaa miwani ya kusomea akalipitia kuanzia juu. Kwenye kichwa cha gitaa, pale nyuzi zinapozungushwa kwenye vigingi, alikaa muda mrefu.

"Nyuzi hizi nani alizifunga?"

"Mimi."

"Ukishakaza, ncha inayobaki unaifanyaje?"

"Naikata. Naacha kipande cha kidole hivi, kinaning'inia. Wenzangu wananicheka, wanasema gitaa langu lina ndevu."

"Leo limenyolewa."

Binti aliinama. Ncha zote sita zilikuwa zimekatwa fupi na kukunjwa kwa ndani, zikabanwa kwa koleo mpaka zikalala kwenye kigingi, ili zisimchome mtu. Zilikuwa nadhifu. Aliziangalia kama anaziona mara ya kwanza, na kwa kweli ilikuwa mara ya kwanza, kwa kuwa tangu Jumamosi hakuwa amelitoa gitaa mfukoni.

"Mimi sikunji hivi. Na Jumamosi nilichelewa, nililitoa nikapanda nalo moja kwa moja."

"Vidole vimefanya nini?"

"Vilichubuka Jumamosi. Nyuzi zilikuwa ngumu kubonyeza. Nikadhani ni wasiwasi, nimekaza mkono." Akavitazama vidole. "Na kuna kitu kingine. Uzi mnene ulikuwa na tabia ya kugonga chuma cha shingo ya gitaa, unatoa kelele, trrr. Jumamosi haukugonga hata mara moja."

Masikio alikohoa kwenye kiti chake. "Nyuzi zimeinuliwa," alisema. "Zikiinuka hazigongi chuma. Lakini zinakuwa ngumu, vidole vinaumia."

"Nani ameziinua?" meneja aliuliza.

"Hilo ndilo swali zuri la kwanza uliloliuliza leo," Sajini alisema, na meneja hakujua ashukuru au anune. "Mwanangu, Ijumaa gitaa lilikuwa wapi?"

"Nyumbani, chumbani kwangu. Mimi nilikuwa shuleni mpaka jioni."

"Fundi huyu amewahi kufika kwenu?"

"Hapana. Wala hajawahi kulishika. Nachomeka mwenyewe siku zote."

"Ufunguo wa nyumba anao nani?"

"Mimi na Baba tu." Aliona swali linapoelekea akalizuia kwa mkono. "Baba hathubutu. Miaka mitatu iliyopita gitaa langu la kwanza alilipaka vanishi. Matabaka matatu! Alitaka kunifurahisha, ling'ae. Likafa, sauti ikawa ya kabati. Sikusema naye siku tisa. Tukaahidiana: hagusi gitaa langu hata kwa kitambaa. Na Baba akisema kitu amesema."

Sajini alivua miwani. Ilikuwa saa sita kasoro robo. Aliagiza gitaa lifungiwe kabatini, ufunguo akautia mfukoni mwake, akamwambia Masikio kwamba mikono yake sasa iko huru kwenda kula.

Karakana ya seremala ilikuwa mwendo wa dakika kumi kwa miguu. Sajini alisukuma mlango, akaingia, mlango ukajifunga nyuma yake bila kutoa sauti. Akaufungua tena. Akauachia. Kimya. Aliinama kwenye fremu akaona ukanda wa ngozi laini ya kahawia, umebandikwa kwa ustadi juu hadi chini.

"Wateja wote wanafanya hivyo," sauti ilisema. "Wanauchezea mlango wangu kama watoto."

Seremala alikuwa mtu mkubwa, penseli sikioni, mavumbi ya mbao kwenye nyusi. Randa ilikuwa mkononi. Alipojua mgeni ni nani uso ulikaza kidogo, lakini Sajini aliusifu mlango, na mtu akisifiwa kazi yake hawezi kukaa amekaza muda mrefu.

"Kwangu hakuna kitu kigumu kinachokaa juu ya kitu kigumu," alieleza, akivuta droo ya kabati jipya na kuirudisha, nayo ikarudi bila kugonga. "Lazima pawe na kitu laini kati. Miguu ya meza, droo, milango, maboksi. Mafundi wengine wanatumia raba. Raba inachakaa. Mimi natumia ngozi."

"Na maboksi ya spika?"

"Ndani yote ngozi. Yule bwana akasema yanameza sauti! Kelele ndiyo zilimezwa. Hajui kutofautisha."

Sajini alizunguka karakana bila haraka. Nyuma ya kreti moja aliona misumari iliyotokeza upande wa pili. Kila ncha ilikuwa imekunjwa kwa ndani na kulazwa kwenye mbao. Kwenye kopo la bati kulikuwa na mabaki ya ngozi, vipande virefu na vifupi.

"Naweza kuchukua kimoja?"

"Chukua hata vitano."

Alichukua kimoja akakitia kwenye bahasha. "Ijumaa mchana ulikuwa wapi, mzee wangu?"

"Hapa. Nilipita nyumbani kula, nikarudi." Randa ilianza kwenda mbele na nyuma. "Umetumwa kumtetea yule bwana?"

"Nimetumwa kutafuta sauti ilikopotelea. Nimeanza kudhani imepotelea kwenye gitaa."

"Gitaa!" Randa ikasimama. "Gitaa halina kasoro. Mkononi linalia safi kuliko lilivyokuwa. Uzi haugongi tena, noti zinatoka moja moja. Kasoro ni yule aliyekaa kule nyuma na vitufe vyake."

"Kuliko lilivyokuwa lini?"

Seremala akaipuliza randa, ingawa haikuwa na vumbi.

"Kuliko kawaida," alisema.

"Saa tisa na nusu, ukumbini," Sajini alisema. "Njoo na koleo lako lile dogo. Tutalihitaji."

Saa tisa na nusu walikuwa watano jukwaani: meneja na barua yake, Masikio kwenye kiti chake, binti, seremala aliyebadilisha shati, na Sajini aliyelaza gitaa juu ya meza iliyotandikwa taulo. Kwa maelekezo ya Masikio alilegeza nyuzi mpaka zikalala. Kisha akaufunga ule mfupa mweupe kwa kitambaa, akaubana kwa koleo, akauvuta juu taratibu. Ulitoka.

Chini yake, ndani ya mfereji, palikuwa na kipande cha ngozi laini ya kahawia. Kilikuwa kimekatwa kwa kisu kikali kulingana na upana wa mfereji, hakikupungua wala kuzidi. Sajini alikiinua kwa ncha ya koleo, na chini yake ukaonekana utepe wa kunasa sauti, mzima, haujachubuka popote.

"Eleza," alimwambia Masikio.

"Mfupa lazima uukandamize utepe wenyewe, kitu kigumu juu ya kitu kigumu," Masikio alisema, na sauti yake ilikuwa ya upole kuliko ilivyotakiwa kuwa. "Ukiweka kitu laini kati, kinameza mtikisiko wote. Mkononi husikii tofauti, mbao inapokea wake kama kawaida. Kwenye spika hakifiki kitu. Ningepandisha mpaka kesho."

Sajini alikilaza kile kipande kwenye taulo. Akatoa bahasha, akalaza kipande cha pili pembeni yake. Rangi ileile, unene uleule. Meneja aliinama kuviangalia, akainuka na kumtazama seremala, akatazama pembeni haraka.

"Kila mtu hapa ana macho," Sajini alisema. "Ningeweza kusema mimi. Lakini sasa ni saa kumi kasoro dakika nane, na barua bado haijatiwa sahihi. Nitangoja dakika nane."

Seremala aliviangalia vile vipande viwili, halafu akamwangalia mwanawe, na ilikuwa wazi anaogopa. Mtu mzima wa miaka sitini, mikono mikubwa kama makasia, anamwogopa binti yake.

"Ni mkono wangu," alisema.

Binti alimgeukia.

"Uzi ulikuwa unagonga chuma. Kila jioni ukipiga, mimi niko sebuleni naisikia ile trrr, inanikwaruza hapa." Aligusa kifua. "Nikasema tamasha ni Jumamosi, watu wataisikia. Ijumaa nilipokuja kula nikainua kidogo tu. Na ncha nikazikunja, usije ukachomwa. Sikujua, mwanangu. Naapa sikujua."

"Hukujua itakauka sauti," binti alisema. Alikuwa na hasira, na hakuificha. "Lakini ulijua umeligusa. Wiki nzima nalia, unanifuta machozi, unamlaani mtu wa watu. Wiki nzima ulikuwa unajua umeligusa na ukanyamaza."

"Nilikuwa na hakika ni yeye."

"Ulikuwa na hakika kwa kuwa ulitaka awe yeye, Baba."

Seremala aliinamisha kichwa. Sajini aliurudisha mfupa mahali pake, mtupu, bila kitu chini, akakaza nyuzi kama alivyoelekezwa, akampa binti gitaa na kuchomeka waya. Kitufe cha njia namba sita hakikuguswa. Kilikuwa bado kwenye alama ya Alhamisi.

Binti alipiga mara moja. Ukumbi ulijaa mpaka vioo vya madirisha vikatikisika. Alipiga tena, akipanda na kushuka, na meneja akajikuta ameketi ukingoni mwa jukwaa kama mtoto. Kisha uzi mnene ukagonga chuma, trrr, kwenye spika zote nane.

Seremala alikunja uso. Hakuweza kujizuia.

"Umeusikia?" binti aliuliza.

"Nimeusikia."

"Ulikuwa unakukera wewe. Mimi sikuwahi kulalamika. Ukitaka uishe, utanichongea mfupa mwingine, mrefu kidogo, mgumu, usio na ngozi. Na utauchonga nikiwa nimekaa hapo hapo nakutazama."

"Nitauchonga leo," seremala alisema upesi mno.

Meneja alichukua barua mezani, akamnyooshea Masikio. "Ichane mwenyewe. Umestahili."

Masikio hakuipokea. Alisimama, akanyoosha shati, akaja mpaka mbele ya seremala. Alikuwa mfupi kuliko yeye kwa kichwa kizima.

"Karatasi si kitu," alisema. "Jumatatu nilikwenda kununua mkate, mwenye duka akaniuliza kwa nini namwonea mtoto wa watu. Jumatano mke wangu aliulizwa hilohilo kisimani. Ulinisema mbele ya watu mia tatu, mzee. Hapa tuko watano."

Seremala alitazama viti vitupu. "Kesho watakuwepo haohao?"

"Haohao. Wamerudishiwa nafasi zao."

"Basi kesho."

Kesho yake, saa tisa alasiri, ukumbi ulijaa. Sajini alikaa safu ya mwisho, karibu na kibanda cha mitambo, kwa kuwa ripoti yake ilibakiza mstari mmoja na alipenda kuandika alichokiona. Kabla bendi haijaanza, seremala alipanda jukwaani peke yake. Hakuwa amezoea kusimama pale. Alishika maikrofoni mbali na mdomo, macho yakiwa kwenye viatu, na maneno yakamtoka kidogokidogo, ya chini, ya mtu anayetumaini kwamba safu tatu za mbele zinatosha.

Watu wa nyuma walianza kuulizana anasema nini. Sajini aligeuza shingo kumtazama Masikio.

Masikio alikuwa ameinamia meza yake, kichwa kimelala upande, anasikiliza. Kidole chake kilikwenda kwenye kitufe cha maikrofoni, kikakisukuma juu polepole, kidogo, tena kidogo, mpaka pumzi ya seremala ikasikika ukumbi mzima, halafu sauti yenyewe, safi, haina mvumo wala mluzi. Neno "nilimsingizia" lilipotoka, lilifika mpaka kwa muuza tiketi aliyekuwa nje mlangoni.